Samaki wa mwanangu anaumwa, na nahofia mtoto atajilaumu

Shikamoo Shangazi,

Wengi wanaokuandikia huleta mambo ya ndoa, mali na wakwe. Langu limeanza na samaki, ila sasa limefika pabaya hadi mimi na mume wangu hatuongei mezani, ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Nina mtoto wa kiume wa miaka tisa. Ana pumu, na daktari alishatuonya kuhusu wanyama wenye manyoya, kwa hiyo paka aliyekuwa akimlilia miaka yote hakuwezekana. Mwaka huu tulihama, akaacha marafiki aliokua nao. Shule mpya hajaizoea. Akirudi anajifungia chumbani, na ukimwuliza siku ilikuwaje anajibu "nzuri", mazungumzo yanaishia hapo. Mimi na baba yake tukakubaliana tumnunulie samaki.

Tulichukua tangi la kioo la lita 40, kichujio kidogo cha umeme, changarawe na samaki wawili wa dhahabu. Muuzaji alisema tujaze maji, tuwashe kichujio, na samaki waingie jioni hiyohiyo. Mtoto mwenyewe aliwapa majina, mkubwa Kito na mdogo Tone. Shangazi, kile kimya chake kilivunjika. Akitoka shule anakimbilia sebuleni, kisha anatusimulia nani kamfukuza nani na nani kajificha nyuma ya jiwe.

Tone alikufa hata wiki ya kwanza haijaisha. Mtoto alilia sana. Sasa ni Kito. Mchana analala chini kwenye kona, mapezi kayabana mwilini. Asubuhi namkuta juu kabisa, mdomo kautoa kwenye maji, anahema. Mkia wake una mistari myekundu ambayo haikuwepo. Na juzi nimeona vidoa vyeupe vidogo sana kwenye vifuniko vya matamvua, na vingine kwenye ukingo wa mbele wa mapezi ya ubavuni.

Kila aliyesikia ana tiba yake. Muuzaji anasema nimwage maji yote na kusugua kila kitu, nami nafanya hivyo kila baada ya siku chache, hata sponji ya kichujio naiosha bombani mpaka iwe nyeupe. Maji yanang'aa lakini Kito anazidi kudhoofu. Jirani ameniletea vidonge vya tetrasaiklini vilivyobaki kwake, anasema nisage kimoja nimimine. Dada yangu anasema nitie chumvi. Mwingine anasema chumvi itamuua kwa kuwa huyu ni samaki wa maji baridi.

Hayo yote ningeyamudu. Lililonishinda ni hili. Usiku mmoja niliamka nikamkuta mwanangu sebuleni, gizani, anamiminia chakula kwenye tangi. Hakuniona, nikarudi kulala. Asubuhi nikatazama kopo la chakula: limebaki vumbi chini, wakati kwa kipimo tulichopewa lingetufikisha mbali sana. Nikamwuliza kwa upole. Akanijibu kwamba Kito alikuwa anamnyang'anya Tone chakula, basi yeye akawa anaamka usiku ili Tone naye apate. Na tangu Tone afe, anampa Kito zaidi ili asife naye.

Nilimweleza baba yake. Yeye anataka mtoto aambiwe leo, bila kufichwa, kwamba chakula chake ndicho kilichomuua Tone na ndicho kinachommaliza Kito, ili ajue kiumbe hai si kitu cha kuchezea. Kisha Kito atupwe, anunuliwe mwingine, kwa sababu samaki hasikii maumivu wala hakumbuki chochote. Mimi nina wazo jingine. Mwisho wa wiki mtoto atakwenda kwa bibi yake. Nikipata samaki anayefanana na Kito, nimbadilishe kabla hajarudi, mtoto asijue lolote. Mume wangu anasema huo ni uongo. Mimi namwambia kwamba anachotaka kufanya ni ukatili.

Shangazi, nimpe Kito dawa gani? Nimbadilishe? Au nimwondolee mateso tu? Na huyu mtoto, nimwambie nini?

Mama wa mtoto mmoja


Marahaba, mwanangu.

Umenieleza kwa makini, mpaka mahali vidoa vilipo umenitajia, na hilo litatusaidia huko mbele. Nikikuelewa vizuri, kuna samaki anayedhoofu licha ya kila unachofanya. Kuna mtoto aliyempenda samaki huyo kwa njia pekee aliyoijua. Na kuna wazazi wawili ambao wote wanataka kumlea vyema, ila mmoja anataka kusema kila kitu na mwingine anataka kuficha kila kitu. Pamoja na tofauti zenu, naona mmeanzia mahali pamoja. Wote wawili mmeshakubali kwamba chakula cha usiku ndicho kilichomuua Tone. Naomba tulitazame hilo kwanza, kwa sababu ugomvi wenu wote umesimama juu yake.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake mchana na usiku, ale asile. Kinyesi chake na chakula kinachooza chini huiongeza. Amonia haina rangi, na kwa kiwango kinachomdhuru samaki huwezi kuisikia harufu yake, kwa hiyo maji yanayong'aa yanaweza kuwa sumu kwake. Katika tangi lililokomaa wamo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi. Kazi hiyo ya bakteria ilielezwa vizuri na mwanasayansi Mrusi Sergei Winogradsky miaka ya kuelekea 1890, na kila tangi la samaki duniani linaitegemea. Bakteria hao wanashika kwenye sponji ya kichujio, kwenye changarawe na kwenye kuta za kioo, na katika tangi jipya huchukua kama wiki nne hadi sita, pengine zaidi, kufikia wingi wa kutosha. Kumtia samaki katika tangi lililojazwa siku hiyohiyo ni kumhamishia mtu kwenye nyumba isiyo na choo.

Sasa rudi kwa Tone. Hata kama mngewalisha kwa kipimo kamili, samaki wawili wa dhahabu ndani ya lita 40 zisizo na bakteria wangekuwa taabani. Sitakudanganya kwamba chakula cha usiku hakikuongeza mzigo. Kiliongeza. Samaki wa dhahabu hana tumbo la kuhifadhi chakula kama letu, kinapita tu utumboni, na alichoshindwa kula kikaozea kwenye changarawe. Lakini waliingizwa mapema kuliko tangi lilivyoweza kuwabeba, na kila sponji ilipooshwa bombani, bakteria waliokuwa wameanza kushika waliuawa na klorini au wakasombwa na maji, mkarudi mwanzo. Hukufanya hivyo kwa uzembe. Ulimsikiliza mtu ambaye kazi yake ni kuuza samaki, na nani asingemsikiliza? Ninayasema haya kwa sababu mume wako akitaka mtoto aambiwe ukweli wote, basi ukweli wote una maelekezo ya muuzaji ndani yake, una sponji na una tangi jipya. Mtoto amebeba sehemu yake, na ni sehemu ndogo kuliko mlivyompangia.

Ndiyo maana swali lako la dawa ningeliweka pembeni kwanza, niulize maji yana nini. Kupanda juu kuhema, kubana mapezi, mistari myekundu mkiani, vyote hivyo vinaweza kuletwa na amonia au nitriti bila ugonjwa wowote wa kuambukiza. Nitriti huingia kwenye damu kupitia matamvua na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, hata damu yenyewe ikageuka rangi ya kahawia. Samaki wa namna hiyo anakosa pumzi ndani ya maji yenye oksijeni ya kutosha. Vipo vipimo vya matone vya amonia, nitriti, nitrati na pH (yaani kiwango cha uasidi wa maji), na kwa kawaida ni vya kuaminika kuliko vijikaratasi vya kuchovya. Amonia na nitriti zinatakiwa zisome 0. Zikisoma zaidi ya hapo, mgonjwa wa kwanza ni maji.

Na maji hayatibiwi kwa kumwagwa yote. Najua inaonekana kinyume. Amonia ina sura mbili, moja kali na moja pole, na pH ndiyo inayoamua ipi itatawala. Kwenye joto la nyuzi 25, maji yenye pH ya 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya ile kali. Yakiwa na pH ya 8, inafika karibu asilimia 5. Maji mapya yanaweza kuja na pH tofauti, na ukimhamisha samaki kwa ghafla kutoka maji ya aina moja kwenda ya aina nyingine, mabadiliko yenyewe yanaweza kumwangusha. Wafugaji wengi wakiwa na hali kama yako hutoa robo hadi nusu ya maji, wanarudisha mengine yenye joto lilelile, na wanarudia kesho kulingana na kipimo. Maji ya bomba yanahitaji kuondolewa klorini kwanza kwa dawa maalumu ya maji ya samaki. Klorini ya kawaida huondoka pia yakikaa wazi kwa siku nzima huku pampu ya hewa ikiyapuliza, lakini baadhi ya mamlaka za maji hutumia kloramini, na hiyo haiondoki kwa kungoja, kwa hiyo waulize wanaowasambazia. Sponji uikamue taratibu ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi, ibaki na rangi yake ya udongo. Kwa siku mbili tatu Kito anaweza kukaa bila chakula na asidhurike kwa hilo. Elekeza mkondo wa kichujio juu ya maji ili uso utikisike, au ongeza pampu ya hewa, apate oksijeni zaidi.

Kuna njia ya mkato ambayo mimi mwenyewe naipenda: kipande cha sponji kutoka tangi la zamani la mtu mwenye samaki wazima, ukiweke ndani ya kichujio chako. Unapata bakteria waliokwisha kukua. Hatari yake ni kwamba ukikosea kuchagua tangi hilo unaweza kuleta vimelea pamoja nao.

Vidoa vyeupe sasa. Kuna ugonjwa wa madoa meupe unaoletwa na kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Madoa yake yana ukubwa wa punje ya chumvi, yanatapakaa mwilini na kwenye mapezi, yanaongezeka siku hadi siku, na samaki hujisugua kwenye mawe. Lakini wewe umetaja vifuniko vya matamvua na ukingo wa mbele wa mapezi ya ubavuni, na hapo ndipo dume la samaki wa dhahabu aliyekomaa huota vipele vyeupe anapokuwa tayari kuzaliana. Wengi wamewatibu madume yao ugonjwa ambao hawakuwa nao. Siwezi kumwona Kito kutoka hapa, na samaki mwenye vipele anaweza vilevile kupata kimelea. Mtazame kwa tochi kutoka ubavuni, asubuhi na jioni. Vikibaki palepale, nitashuku vipele. Vikihamia mgongoni na mkiani, ni kimelea, na dawa itahitajika kwa siku kadhaa mfululizo, kwa sababu dawa humuua kimelea yule tu anayeogelea akitafuta samaki wa kumwingia, wale waliokwisha kuzama chini ya ngozi haiwafikii. Ukifika huko, toa makaa kwenye kichujio kama yapo, maana hunyonya dawa.

Vidonge vya jirani ningevirudisha kwa shukrani. Tetrasaiklini huua bakteria, na kimelea cha madoa meupe si bakteria. Katika maji yenye chokaa nyingi nguvu yake hupungua sana, na kile kitakachobaki kinaweza kuwaua wale bakteria wa kichujio unaowasubiri. Wekundu wa mkia ukiendelea baada ya vipimo kutulia, au mapezi yakianza kuchanika na kuoza, hapo inawezekana bakteria wameingia kwenye mwili. Wakati huo ni wa kumtafuta daktari wa wanyama anayejua samaki, akupe dawa na kipimo chake.

Kuhusu chumvi, dada yako na yule aliyempinga wote wana hoja. Samaki wa dhahabu huvumilia gramu 1 hadi 3 kwa kila lita, na chumvi hupunguza nitriti inayopenya kwenye matamvua. Kwa tangi lako, gramu 1 kwa lita ni gramu 40 jumla, zipimwe kwa mizani, ziyeyushwe kwenye ndoo na kuingizwa kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Chumvi haikauki pamoja na maji, kwa hiyo unarudishia tu ile iliyotoka na maji uliyoyatoa, la sivyo itakuwa inapanda bila wewe kujua. Mimea ya ndani ya tangi inaweza kunyauka. Na amonia haipunguzwi na chumvi hata kidogo. Kama kipimo kinaonyesha amonia peke yake, sioni sababu kubwa ya kuitia.

Sasa tuje kwa watu.

Mume wako amesema samaki hasikii maumivu wala hakumbuki. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba samaki aina ya trauti wana neva za kutambua madhara kichwani, na kwamba walipodhurika tabia zao zilibadilika. Wanasayansi bado wanajadiliana samaki anahisi nini hasa ndani yake, ila si jambo la kulitupa kwa neno moja. Kumbukumbu nayo wanayo, wamefundishwa mambo kwenye maabara na kuyakumbuka baada ya majuma. Mweleze haya kwa wakati mwema, usimweleze ili kumshinda. Kuna jambo ambalo mume wako analishika na mimi naliheshimu, nalo ni kwamba mtoto atambue uhai wa kiumbe mwingine unategemea anachofanya. Ningependa kujua kama alipokuwa mdogo yeye naye aliwahi kuambiwa kwa ukali namna hii, na ilimfanya nini. Wewe unaweza kumwuliza, mimi siwezi.

Hofu yangu na njia yake ni kwamba mtoto wa miaka tisa akiambiwa "wewe ndiye uliyeua", halisikii kama somo la usafi wa maji. Anasikia kwamba upendo wake unaua. Na huyu alikuwa akiamka usiku kwa huruma. Tena, kama tulivyoona, maneno hayo hayatakuwa kweli yote.

Njia yako ya kubadilisha samaki naielewa kabisa. Unataka apumzike, hata wiki moja, asipoteze kitu kingine. Lakini jiulize mambo mawili. Samaki mpya ataingia kwenye maji yaleyale, na kama yana amonia utarudi hapa ulipo baada ya siku chache, safari hii ukiwa na siri mkononi. Na mtoto aliyekuwa akiwaangalia samaki hawa mpaka akajua nani anamnyang'anya nani, unadhani hatamjua mgeni? Huenda asijue. Huenda akajua na asikwambie, na hilo ndilo lingenisumbua zaidi, kwa sababu tayari ni mtoto anayejibu "nzuri" na kunyamaza. Kuna wazazi waliowahi kufanya hivyo na mambo yakapita salama, siwezi kukuambia kwamba haiwezekani.

Kumnyamazia kabisa nako kuna shida ya karibu zaidi: bado anaamka usiku. Kwa hiyo la chakula litahitaji kusemwa kwa namna fulani, au kopo lihifadhiwe mahali asipofika, na akiuliza sababu mtakuwa mmeshaanza mazungumzo.

Ipo njia ya katikati, nayo pia ina hatari zake. Mnaweza kumwanzia kwenye maji. Mwonyeshe vipimo, mwache adondoshe matone na kusoma rangi, aandike namba kila siku. Watoto wa umri wake huelewa habari ya bakteria upesi kuliko tunavyodhani, na kupima maji ni kazi halisi ya kumsaidia Kito, badala ya kumlisha. Ila ujue ataunganisha mambo. Siku moja, pengine akiwa ameshika kile kichupa, atakuuliza: "Mama, ni mimi?" Jibu hilo wewe na baba yake mlitafute kabla, mkiwa wawili, na mlikubali wote. Mimi ningesema maneno kama haya: chakula kingi kilifanya maji yawe mabaya zaidi, na sisi tuliwaweka kwenye tangi kabla halijawa tayari, hakuna aliyetuambia, na sasa sote tumejua. Nyinyi mnaweza kupata yaliyo mazuri kuliko hayo. Hatari nyingine ni kwamba atapima, ataandika, atafuata kila kitu, na Kito atakufa bado. Matamvua yaliyoungua sana wakati mwingine hayaponi. Mwambie hilo mapema, kabla hajafikiri kwamba kupona kwa Kito kunategemea bidii yake.

Kuna jambo moja katika barua yako nimelisoma mara kadhaa. Mwanao aliona mdogo ananyang'anywa na mkubwa, hakumwambia mtu, akaamka gizani kumtetea peke yake. Huyu ni mtoto aliyeingia shule mpya mwaka huu na akirudi anajifungia. Labda hakuna kitu. Labda ni mtoto mwenye moyo tu, na huo anao. Lakini ningependa mmoja wenu amwulize, mkiwa mmekaa mbele ya tangi na macho yenu yakiwa kwa Kito, maana watoto husema zaidi wasipotazamwa usoni: huko shuleni, kuna anayemnyang'anya mwenzake? Usilazimishe jibu. Uliza, kisha subiri. Na uulize tena siku nyingine. Hili ningelifanya hata kama Kito angeamka kesho mzima kabisa.

Umeuliza kuhusu kumwondolea mateso. Kito anayepanda juu kuhema na kulala chini bado anapambana, na wengi wa namna hiyo hupata nafuu maji yakitulia. Nisingeharakisha. Wakati wa kufikiria hilo ni pale samaki anapolala ubavu, haitikii ukimsogelea, na siku zinapita bila mabadiliko. Ikifika huko, daktari wa wanyama humlaza kwa dozi kubwa ya dawa ya usingizi, na mafuta ya karafuu hutumika kwa kazi hiyohiyo yakipimwa sawasawa. Kumwaga samaki hai chooni au kumtia kwenye barafu humtesa, na kumwachia mtoni kunaweza kupeleka magonjwa kwa samaki wengine. Kama siku hiyo itafika, sidhani mnahitaji kuamua sasa hivi kama mtoto atakuwepo. Mtamjua vizuri zaidi baada ya hayo mazungumzo.

Na kama Kito atapona, kuna gharama ya furaha hiyo ambayo hamjaambiwa. Samaki wa dhahabu si wa muda mfupi. Akitunzwa huishi miaka 10 hadi 15, na mmoja wa Uingereza aliyeitwa Tish alikufa mwaka 1999 akiwa na miaka 43. Hukua pia, na lita 40 zitambana. Wafugaji wengi humpa mmoja lita 75 au zaidi, na wale wenye umbo refu huhitaji nafasi kubwa kuliko hiyo. Kwa hiyo kabla ya kumtafutia mwenzake, mtakuwa na mazungumzo mengine ya tangi kubwa, na afadhali mtoto awe ndani ya mazungumzo hayo tangu mwanzo. Kununua mwingine wakati vipimo havijatulia ningekuomba usubiri, hata ukimwona mtoto ana huzuni.

Mwanangu, wewe na mume wako mmegombana kwa sababu wote mnamwogopea mtoto mmoja. Mnaweza kukaa jioni moja akiwa kwa bibi yake, hiyo siku uliyotaka kumtafuta samaki anayefanana, mkaisoma barua yako pamoja.

Kisha niandikie. Nitumie kipimo cha amonia, cha nitriti, pH na joto la maji, uniambie vidoa vimekwenda wapi, na kama umemwuliza habari ya shule, amejibu nini.

Shangazi